Jambo lililomuudhi mzee wa Dar

Jumamosi iliyopita niliombwa kuzungumza na vijana na wazazi katika ukumbi wa parokia moja ya Kenya, hapa Lubumbashi. (Wasomaji wa mbali: Kenya ni komini ya mji wetu, kama Katuba au Kamalondo. Hatujahamia Nairobi.) Umeme ulikatika kabla sijaanza, kwa hiyo picha nilizoziandaa hazikuonekana, na nadhani ilikuwa bahati. Waliokosa kuja wameniomba maneno yenyewe. Haya hapa, kama nilivyoyasema. Nimeondoa kikohozi tu.

Bandugu, jambo yenu!

(Ukumbi: "Jambo!")

Aksanti. Mmeitikia vizuri, ba mama wa mbele mmeitikia hata kwa kichwa. Basi niwaambie: salamu hiyohiyo, neno hilohilo moja, iliwahi kunigombanisha na mzee mmoja siku tatu nzima.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni deklaran, wakala wa forodha, pale mpakani Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kijana wa miaka 24, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, nikijiona mtu. Akafika dereva mmoja, mzee wa Kitanzania, amebeba salfa kutoka bandari ya Dar es Salaam. Ni karibu kilomita 2,000 hizo. Miguu imevimba, kandambili zimelika upande mmoja, taulo dogo shingoni. Nikamwendea kwa uchangamfu wangu wote: "Jambo, papa! Leta makaratasi."

Akanitazama. Hakujibu. Akachukua bahasha, akaiweka juu ya boneti, si mkononi mwangu, kisha akageuka kukaza kamba za turubai.

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mimi nilifanya ambacho wengi wetu hufanya: nikaamua. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo walivyo hawa. Kwa kuwa Kiswahili chao ni laini, wanatuona sisi wa Kongo ni watu wa porini. Wana maringo. Wote.

Na tangu hapo mkono wangu ukawa mzito. Sikumwomba falanga, sikumtukana, sikufanya lolote ambalo mtu angeweza kuliandika kwenye barua ya malalamiko. Faili lake tu lilikuwa linaamka kila asubuhi chini ya mengine. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu. Yeye analala kwenye kabini, jua linamchoma, mimi jioni narudi kula bukari yangu (ugali) na sombe (kisamvu).

Aliyetupatanisha ni mama mmoja aliyekuwa anauza chakula kwenye maegesho. Alikuwa ameishi Tunduma, mpakani upande wa Tanzania, zamani, kwa hiyo mizani zote mbili alizijua. Akaniita.

"Mwanangu, yule mzee ulimwambia nini?"

"Nilimsalimia."

"Ulimsalimia vipi?"

"Jambo."

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Jambo! Kwao jambo ni salamu ya watalii! Ukimwambia Mtanzania mzima jambo, anadhani unamfanyia mzaha. Mtu wa umri ule anaambiwa shikamoo. Halafu ukamwambia leta? Wenzako husema naomba. Ulimsalimia kama Mzungu, ukamwamuru kama mtoto."

Shikamoo. Niambieni ukweli, nani hapa ndani huamkia kwa shikamoo nyumbani? (Hakuna mkono.) Sisi heshima yetu iko mwilini. Mkono wa kushoto unashika kiwiko cha kulia unapompa mkubwa mkono, goti linakunjika kidogo, na kwa bankambo (mababu) wengine tunapiga makofi mepesi. Na nakumbuka vizuri sana, yule mzee nilimnyooshea mkono hivyo, kiwiko nimekishika. Nilimheshimu kikwetu. Hakuona, kwa sababu alikuwa anasikiliza. Mimi nami sikumsikia, nilikuwa natazama.

Nikaenda. "Shikamoo, baba." Palepale akasogea kwenye ngazi ya gari ili nipate pa kukaa. "Marahaba, mwanangu." Akaniambia na yeye siku ya kwanza alinifikiriaje: Wakongo wababe hawa, huyu kijana amekuja na amri, kesho atataka rushwa, na kweli kila siku faili haliendi, si nilijua! Mnaona? Kila siku niliyomchelewesha ilimthibitishia. Na kila siku aliponuna ilinithibitishia mimi. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake kamili, umepigwa mhuri.

Kwetu forodhani kuna kitu tunachokiita tamko. Deklaran kazi yake ni kuandika kilichomo ndani ya kontena ambalo mara nyingi hajalifungua. Milango imefungwa, lakiri inaning'inia, nami naandika: mifuko kadhaa, kilo kadhaa, thamani kadhaa. Naandika kwa sababu karatasi zinasema hivyo. Na mtu ninapokutana naye ninafanya hivyohivyo, tena bila karatasi.

Sasa tuamshane kidogo. Mlipoingia, wa upande wa madirisha mlipewa kikaratasi, na wa upande wa mlango mlipewa chenu. Kila kikaratasi kinamweleza mtu anayetaka kupanga chumba kwako. Mama wa kitambaa cha kijani, upande wa madirisha, utampa chumba?

("Nitampa. Ila nitamwambia apunguze pupa.")

Papa pale mlangoni, wewe?

("Huyu? Mwenye wivu hivi? Hamalizi mwezi, ataniloga!" Kicheko.)

Mama, tusomee chako. "Mwerevu, mchapakazi, mwenye pupa, mkosoaji, mkaidi, mwenye wivu." Papa, soma chako. "Mwenye wivu, mkaidi, mkosoaji, mwenye pupa, mchapakazi, mwerevu."

(Kimya. Kisha kelele.)

Ndiyo. Maneno sita yaleyale, yamegeuzwa tu. Jaribio si langu. Mwanasaikolojia Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyehamia Marekani, ndiye aliyelichapisha mwaka 1946. Aliona kwamba waliosikia "mwerevu" kwanza walipata picha ya mtu wa maana mwenye kasoro zake, na waliosikia "mwenye wivu" kwanza walipata mtu wa matatizo. Neno la kwanza linakaa kitini, mengine yanasimama kulihudumia. Ukaidi wa mtu mwerevu unaitwa msimamo. Ukaidi wa mtu mwenye wivu unaitwa roho mbaya.

Na hapa Lubumbashi neno la kwanza ni lipi? Je, ni mwerevu? Je, ni mchapakazi? Mtoto wako akikuletea mchumba, neno la kwanza unaloliuliza ni lipi?

("Kabila gani!" ukumbi mzima.)

Hata hamkuhitaji kufikiri.

Wafaransa wana neno, stereotipu, yaani picha moja unayowabandika watu wote wa aina moja. Asili yake ni kwa wachapaji wa vitabu. Lilikuwa bamba la madini lililomiminwa ukurasa mzima kwa mara moja, ili usipange tena herufi moja moja kila unapotaka kuchapa. Sisi watu wa shaba jambo hili tunalielewa kuliko wengi. Bankambo wetu walimimina shaba kwenye kalibu ikatoka misalaba midogo, ikawa fedha, na mitatu ilionekana kwenye ile bendera ya Katanga, jimbo letu lilipojitenga, 1960 mpaka 1963. Kalibu si kitu kibaya. Bila kalibu kila msalaba ungekuwa na umbo lake, nani angeupokea sokoni? Ila shaba ikimiminwa haina la kusema. Mtu anabaki na la kusema, hata kama umeshaziba masikio.

Najua kuna anayewaza: sasa papa, nikikutana na kila mtu nimchunguze? Nina watoto, nina foleni ya maji. Umesema kweli. Hata forodhani hatufungui kila kontena, mpaka ungesimama siku moja tu. Kuna njia ya kijani, ya manjano, na nyekundu, na ni nyekundu ndiyo inayofunguliwa na kushushwa mzigo mmoja mmoja. Kwa hiyo swali ni nani wa kumweka kwenye nyekundu, yaani nani wa kumfungua kweli kabla hujaamua. Watu wengi huweka pale wanaowaogopa. Mimi baada ya yule mzee nikageuza: yule ambaye faili lake liko mikononi mwangu. Muuza makala (makaa) anayepita na baiskeli, unaweza kumkosea ukamaliza. Lakini mfanyakazi wako wa ndani? Mwanafunzi wako? Mgonjwa kama wewe ni muuguzi? Mpangaji? Ukiwa na uwezo wa kumchelewesha mtu, kumnyima, kumfukuza, basi wazo lako la kwanza juu yake halikutoshi. Mwenye uwezo ndiye anayepaswa kulipia gharama ya kufungua.

Tuendelee. Mji wetu. Nani mwenyeji wa mji huu?

Msianze kunyoosheana vidole. Mji umeanzishwa mwaka 1910. Una zaidi kidogo ya umri wa kambo mmoja aliyeishi sana. Kampuni ya madini ya Union Minière ilipotaka mikono, ilileta kwanza watu kutoka Rhodesia, baadaye Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi. Wakaja Wagiriki, Waitaliano, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, Wahindi, na sasa Walebanoni na Wachina, ambao tunawaita wote "Chine" hata yule anayetoka Vietnam. Kabla ya hao, Msiri wa Bunkeya, mfalme aliyeuawa mwaka 1891, alitokea Unyamwezi, upande wa Tabora. Wajukuu zake ni Bayeke, na nani leo atawaambia warudi Tabora?

Na hii lugha ninayowasemesha? Kiswahili hakikuzaliwa hapa. Kilikuja na misafara ya biashara kutoka mashariki, kikakuzwa kambini kwa wafanyakazi kwa sababu mwajiri alitaka lugha moja ya kutoa amri. Kimekaa, kimeoa, kimezaa, leo kinasema "batu" na "mutoto" na "kuya hapa" bila haya. Mgeni huyo ndiye tunayemtumia kumwambia mgeni mwingine arudi kwao. Lakini hapa napita haraka, kwa sababu historia ya mji mnaijua, na kuijua hakujawahi kumzuia mtu.

Mpira pia napita. Mbwana Samatta alikuja Mazembe, timu ya mji wetu, mwaka 2011 kutoka Simba ya Dar es Salaam. Mwaka 2015 tukachukua ubingwa wa Afrika naye. Mlimwuliza kabila? Akifunga, ni mwana wetu. Siku akikosa penalti, ndipo tunakumbuka pasipoti yake.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Watu husema dawa ya dhana mbaya ni kufahamiana. Kaeni pamoja, kuleni pamoja, woga utaisha. Padri mwenyeji wetu amesema hivyo alipofungua mkutano. Padri, kwa heshima zote, mimi sikubali. Au nakubali nusu.

Nilikulia Likasi, mji wa migodi hukuhuku Katanga. Darasani nilikaa dawati moja na kijana mmoja miaka sita. Sitamtaja jina. Wazazi wake asili yao Kasai, lakini yeye alizaliwa Likasi, baba yake alizaliwa Likasi. Babu yake ndiye aliyeletwa kuchimba. Kasai alikuwa hajawahi kuiona hata kwa picha. Nilijua kovu lake la goti lilitoka kwenye mwembe gani. Mama yake alikuwa fundi cherehani, suruali yangu ya komunyo alinishonea yeye. Huyo kontena lake lilikuwa wazi, bandugu. Hakuna nilichokuwa sijakiona ndani.

Mwezi wa 8 mwaka 1992, kule Kinshasa, Mkutano wa Kitaifa ukamchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu, akachukua nafasi ya Nguz Karl-i-Bond wa huku kwetu. Na huku wanasiasa walikuwa wameshawafundisha vijana neno moja la kuwaita majirani wenye asili ya Kasai. Bilulu. Wadudu. Wazee hapa mnalikumbuka, naona vichwa vimeinama. Nyumba zikachomwa Likasi, mwaka uliofuata ikawa Kolwezi. Watu kwa maelfu wakakaa stesheni wiki na wiki wakisubiri treni, na wengi wakafia palepale kabla haijafika. Reli iliyokamilishwa mwaka 1928 kuunganisha Katanga na Kasai, iliyowaleta wengi wa babu zao, ndiyo iliyowarudisha wajukuu mahali wasipopajua.

Mimi nilikuwa na miaka 12. Sasa sikilizeni kitu ambacho hata mke wangu nilimwambia juzijuzi tu. Sisi ni Baluba wa Katanga. Jina letu la ukoo ni katika yale yanayopatikana pande zote mbili, Katanga na Kasai, kama Ilunga, kama Kabongo, kama Mutombo. Ukilisikia hujui huyu ni wa wapi. Wiki ile jina letu lilikuwa hatari. Kwa hiyo tulipaswa kuonekana. Barabarani vijana walipopiga kelele, nilipaswa kupiga zaidi.

Nikamwona stesheni. Nilikwenda na wakubwa, kutazama. Alikuwa ameketi juu ya fungu la mablanketi, amepakata kichwa cha cherehani cha mama yake, kile cheusi chenye maua ya dhahabu, meza yake wameiacha. Amekishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akaniona. Akatabasamu, nadhani alifikiri nimekuja kumtafuta.

Nami nikalisema lile neno. Kwa sauti. Ili wale niliokuja nao wasikie.

Miaka sita ya dawati moja.

(Hapa nilinyamaza kidogo, msiokuwapo mnisamehe.)

Ndiyo maana sikubali. Yule mzee wa Dar nilimkosea kwa kutomjua. Huyu nilimjua, nikamfunga upya, nikamtilia lakiri mpya palepale kwenye jukwaa la stesheni, kwa sababu nilimwogopa aliyesimama nyuma yangu. Tukiambiana kila siku kwamba tatizo ni kutojua tu, tunajipa kisingizio kizuri mno. Ninyi vijana, hapa mjini mnaishi kuta kwa kuta na kila aina ya watu. Mnawajua. Mnajua wanapika nini, mnajua wanadaiwa na nani. Siku atakapokuja mtu na kipaza sauti na neno lake jipya, atawaambia jambo gani ambalo mlikuwa hamlijui? Hakuna. Atawataka tu mlisahau lile mnalolijua.

Kuhusu kazi yangu ya kila siku, nina kitu kimoja kidogo, hakina ukubwa wowote. Nikipokea dereva mgeni, kabla ya makaratasi namwuliza: "Kwenu mkubwa mnamsalimiaje?" Wengine hushangaa. Dereva mmoja kutoka Zimbabwe alinionyesha jinsi wanaume wanavyopiga makofi viganja vimelingana na wanawake wakivikingamanisha, tukabaki tunapigiana makofi kwenye maegesho watu wakidhani ni wokovu. Inachukua dakika mbili. Wenzangu hunicheka, na faili zangu haziendi polepole kuliko zao.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Kama kuna maswali, yaje, kabla giza halijaingia.

Maswali yalikuwa manne. Mawili yalikuwa ya ajira forodhani, nilijibu nilivyoweza. Mzee mmoja aliuliza kwa nini nimefukua mambo ya 1992 mbele ya watoto. Nilimjibu kwamba na mimi nilikuwa mtoto. Hakuridhika, na tuliendelea kubishana mpaka nje.

La mwisho lilitoka kwa binti wa miaka kama 15, nyuma kabisa. Aliuliza kama rafiki yangu alifika.

Nikamwambia alifika. Yuko Mbuji-Mayi, kule Kasai. Miaka miwili iliyopita, dereva mmoja alinipa namba yake, nayo imo kwenye simu hii, nimeiandika "Cherehani".

Akauliza: "Na ulimwambia nini?"

Nikasema bado sijampigia, vocha imekuwa ghali. Ukumbi ukacheka. Yule binti hakucheka, alibaki amesimama anasubiri nimalize jibu.